Bunduki gani na kaliba gani ya kuwindia dia na elki, kwa sisi tulioanzia ukubwani

Kila mwaka ikikaribia mwezi wa nne, kabla dirisha la kuomba leseni za Colorado halijafungwa, simu yangu inaanza kuita. Wabongo, Wakenya, Wakongomani wa huku Greeley na Denver, na swali ni lile lile, kaka ninunue bunduki gani. Ukimuuliza umeshafikiria nini, nusu yao wanakwambia "nataka kubwa". Mi nilikuwa hivo hivo, nikanunua kubwa, na nitakusimulia ilivyoniumbua, ila tuanze na karatasi maana zikikwama hizo mengine yote ni porojo.

Mwenye grinkadi anaruhusiwa kununua bunduki ya kuwindia Marekani, unajaza fomu ya shirikisho namba 4473, wanakuangalia kwenye mfumo. Kama uko kwa visa ya muda, mwanafunzi sijui mtembezi, sheria ya shirikisho inakukataza kushika hata risasi, kuna vipengele vya kuokoa na kimojawapo ni kuwa na leseni halali ya kuwinda, lakini hapo usisikilize maneno ya kijiweni, tafuta mwanasheria kwanza. Alafu kuna hili la bangi. Colorado ni halali, ndio, lakini ile fomu inauliza kuhusu bangi na inasema waziwazi kwamba ruhusa ya jimbo haibadilishi kitu, na kudanganya pale ni kosa la jinai, sasa we mwenye grinkadi fikiria mwenyewe unacheza na nini. Huku Colorado mnunuzi awe na miaka 21, na tangu 2023 unalipia leo unasubiri siku tatu ndo unabeba. Na kozi ya usalama wa uwindaji ni lazima kwa yeyote aliyezaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 1949, yaani karibu sote. Isome vizuri ile kozi. Wengi wetu hatujashika bunduki maisha yetu yote, Kenya uwindaji ulifungwa 1977, Bongo nako bunduki ilikuwa ya bwana nyama au gobore la babu, kwa hiyo hakuna aibu kukaa darasani na watoto wa miaka kumi na mbili. Mi nilikaa nao na walinishinda mtihani.

Haya, mnyama. Naandika dia, yaani "deer" ya Kiingereza, na sio kulungu kwa sababu kulungu wa nyumbani ni mnyama mwingine, tutachanganyana. Dia wa mkia mweupe kule Texas ni kama swala pala tu, kilo hamsini na kitu. Dia wa huku milimani, yule mwenye masikio kama ya punda, dume lake linaweza kufika kilo 100 au kuzidi kidogo. Elki, ndugu mkubwa wa dia, ni habari nyingine kabisa. Jike ni kama kilo 225, dume kilo 320, yaani anamzidi tandala mkubwa lakini hamfikii pofu. Na ni mgumu bana. Unampiga vizuri, mapafu yote mawili, anasimama anakuangalia kama umemtukana, anatembea hatua thelathini ndo anaanguka. Kwa hiyo ukiniambia unataka bunduki moja ya kazi zote mbili, tunachagua kwa kumuangalia elki, dia atajitosheleza humo humo.

Sasa kaliba. Hapa ndo watu wanapotelea, wanadhani kaliba ni nguvu. Kaliba ni upana wa kichwa cha risasi, basi. Chukua SMG, yaani AK-47, ambayo kila mtu kwetu anaijua, ile ni 7.62. Chukua .308 Winchester, nayo kwa milimita huitwa 7.62. Vichwa vinakaribiana upana kabisa, lakini ganda la .308 ni refu na lina baruti nyingi zaidi, kwa hiyo ya SMG inatoka mtutuni na nguvu kama futi-paundi 1,500 na ya .308 inatoka na 2,600 na zaidi. Ni kama pikipiki na lori, zote zina tairi za mpira. Kwa hiyo ukisoma jina la risasi usiishie kwenye namba, soma na neno linalofuata, .300 Winchester Magnum na .30-06 Springfield na .308 Winchester zote zinabeba kichwa cha upana ule ule na haziingiliani hata kidogo. Ukiweka risasi isiyo yake kwenye bunduki unaweza kupasua chemba, pale risasi inapokaa, ikakulipukia usoni. Jina limechongwa kwenye mtutu na limechongwa kwenye kitako cha ganda, yasome yote mawili kila mara, hata kama umekunywa kahawa moja tu na ni saa kumi alfajiri.

Sheria ya Colorado inakusaidia kuchuja. Kaliba isipungue inchi .24, mtutu usipungue inchi 16, kichwa kisipungue greni 70 kwa dia na greni 85 kwa elki, na kikifika yadi 100 kiwe bado na futi-paundi 1,000. Greni ni kipimo cha uzito, greni 15 na kidogo ni gramu moja. Maana yake zile AR-15 za .223 ambazo vijana wanazipenda hapa haziruhusiwi kwa mnyama mkubwa. Na kama bunduki yako inajipakia yenyewe isiwe na risasi zaidi ya sita, magazini na chemba ukijumlisha. Majimbo mengine yana yao. Ohio kwa mfano, ambako ndugu zetu wengi wako Columbus na Dayton, huwindi dia na .308, wanataka shotigani au risasi za ganda lililonyooka kama .350 Legend na .450 Bushmaster, kwa hiyo wa Ohio usikimbilie dukani kwa haya ninayoandika, fungua kijitabu cha jimbo lako.

Zinazobaki mezani ni hizi, nazitaja kwa jinsi ninavyozijua mimi. .243 Winchester, ya 1955, teke dogo begani, dia inamfaa sana, elki sheria inaruhusu lakini mi sikushauri, ni ya mtu anayejua sana anachofanya. 6.5 Creedmoor, ya 2007, kila mtu anaicheka eti ya vijana wa mjini, ila inapiga kwa usahihi na haiumizi bega, dia bila wasiwasi, na elki ndani ya yadi 250 au 300 ukiweka kichwa kizuri. 7mm-08 nayo ni ndugu wa karibu, nzuri mno, shida yake risasi hazipo kila duka. .270 Winchester ya 1925 na .30-06 ya 1906, hawa ni wazee, wamelisha familia za milimani miaka mia na hawajachoka. .308 inaifuata .30-06 kwa karibu sana, inakula baruti pungufu kidogo na inakaa kwenye bunduki fupi kidogo. Alafu juu yake kuna magnum, 7mm Remington Magnum ya 1962 na .300 Winchester Magnum ya 1963, hizo nazo ni nzuri, hazina kosa, kosa linakuwa la mpigaji.

Mpigaji nilikuwa mimi. Jamaa wa dukani aliniambia elki bila .300 magnum unapoteza muda, na nikaichukua kwenye bunduki nyepesi ya milimani, paundi sita na nusu hivi, maana nilisikia pia kwamba mlimani uzito ni adui. Hayo mawili kila moja lina ukweli wake, ukiyaweka pamoja ni adhabu. Fizikia haina huruma, teke la .30-06 kwenye bunduki ya paundi nane ni kama futi-paundi 20, la .300 linaenda 26 mpaka 30 kutegemea risasi, na bunduki ikipungua uzito teke linaongezeka. Siku ya kwanza renji, yaani uwanja wa shabaha, nilipiga risasi saba. Ya tano skopu, ile darubini ya kulengea, ilinifuata ikanichana juu ya nyusi, kovu ninalo mpaka leo, watu kazini wakajua nimegombana. Nikafunga begi nikasema si inapiga, inatosha, nikaenda nayo mlimani upande wa Meeker mwezi wa kumi. Jike la elki lilisimama ubavu, yadi 140, kitu cha kupewa. Nikavuta. Nilimpiga mguu wa mbele, chini. Tulifuata damu mpaka giza, kesho yake tukarudi tukafuata tena mpaka ikaisha kwenye mawe, hatukumuona. Sitaki kuongea sana hapo.

Wiki mbili baadaye mzee mmoja pale renji, mzungu wa miaka sabini na kitu, aliniangalia napiga akacheka kwa pua. Akachukua bunduki yangu, akanigeuzia mgongo, akaweka risasi, akanirudishia. Nikalenga, nikavuta: tki. Alikuwa ameweka feki. Lakini mtutu, ndugu yangu, ulichimba chini kama jembe, na macho nilikuwa nimeyafumba kabla. Akaniambia ndo maana. Mwili wangu ulikuwa unalisubiri teke na unalikwepa kabla halijaja, na hiyo nusu sekunde ndo inahamisha risasi kutoka mapafuni kwenda mguuni. Lile zoezi fanya na wewe, risasi feki za plastiki zinauzwa dukani kwa bei ya chakula cha mchana, mpe mwenzio akuchanganyie kwenye magazini tatu za kweli mbili feki bila kukuonyesha mpangilio. Kama mtutu unachimba kwenye zile feki, hiyo kaliba bado si yako, haijalishi kifua chako kina upana gani.

Niliiuza ile bunduki kwa hasara. Sa hizi natumia .308 na mke wangu anatumia 6.5 Creedmoor, ana kilo 58, na ana elki wawili kwa risasi tatu, mimi nina mmoja kwa nne, kwa hiyo nyumbani hatujadili tena mambo ya kaliba.

Kwa hiyo ukinibana nikupe jibu moja bila kukuona: .308 au .30-06 kama bega lako linastahimili, 6.5 Creedmoor kama halistahimili au hujui. Sababu nyingine ni mfuko. Boksi la risasi 20 za .308 unaweza kulipata kwa dola 30 na kitu, magnum huanzia huko 50 kwenda juu, na we unatakiwa upige boksi tano au sita kabla ya msimu, piga hesabu. Tena ukisahau risasi nyumbani, na utasahau, kiduka cha mji mdogo kule juu hakitakosa .308 na .30-06. Uliza hizo risasi mpya zenye majina ya herufi tatu uone muuzaji anavyokuangalia.

Kichwa cha risasi watu wanakiruka lakini mi nakiweka juu ya kaliba. Kinachomuua mnyama ni kile kichwa kikifunguka ndani kama uyoga na kikaendelea kupenya. Zile za kijeshi zisizofunguka haziruhusiwi kwa sababu hiyo, zinatoboa zinapita, mnyama anaenda kufia mbali. Za kawaida za risasi nyeusi, yaani yale madini ya risasi, zilizovikwa koti la shaba zinatosha kwa dia. Kwa elki tafuta ambayo haisambaratiki ikigonga mfupa wa bega, ama iliyogandishwa koti na kiini pamoja kama AccuBond, ama Partition ambayo ina ukuta katikati na ipo tangu 1948, ama shaba tupu kama TTSX ya Barnes. Mi nilihamia shaba tupu kwa sababu ya watoto, risasi nyeusi ikivunjika inaacha vipande vidogo nyamani ambavyo huvioni, na California tangu 2019 wamepiga marufuku za madini ya risasi kwenye uwindaji wote. Ubaya wa shaba inataka kasi ndo ifunguke, kwa hiyo usiipigie mbali mno, na chagua uzito mwepesi kidogo kuliko ambao ungechagua kwa zile nyingine. Kwa zile za kawaida, .308 weka greni 150 kwa dia na 165 au 180 kwa elki, .270 weka 130 kwa dia na 150 kwa elki, 6.5 weka 140 na kitu kwa wote. Na nunua aina mbili tatu ujaribu, kila mtutu una chakula chake, ule wangu ulikataa risasi za bei mbaya ukapenda za bei ya kati.

Bunduki yenyewe, chukua ya bolti, ile unayovuta komeo kwa mkono kila risasi. Ni rahisi, haina mambo mengi, ukiwa na baridi na vidole vimekufa bado unaweza kuona kwa macho kama kuna risasi chemba au hamna. Ruger American na Savage Axis ni za bei nafuu na zinapiga vizuri kuliko sura zao. Ukiwa na hela kidogo zaidi Tikka T3x ya Wafini, bolti yake inateleza kama kisu kwenye samli, ndo niliyonayo. Remington 700 na Winchester 70 utazikuta nyingi mtumba, mtumba si vibaya, angalia ndani ya mtutu na tochi, uone kutu, uone mikwaruzo mwisho kabisa pale risasi inapotokea. Kabla hujalipa ishike begani ukiwa umevaa jaketi, fumba macho, nyanyua, fungua. Kama jicho limeangukia katikati ya skopu bila kuhangaika na shingo, inakutosha. Kama inabidi unyooshe shingo kama twiga kitako ni kirefu, wadada na watu wafupi hili linawakuta sana na wanaambiwa watazoea. Hawazoei, tafuta kitako kifupi. Uzito, ukijumlisha skopu, paundi saba na nusu mpaka nane ni pazuri, unaibeba futi elfu kumi juu ya bahari bila kulia na bado haikupigi ngumi.

Skopu usipitilize, inayokuza mara 3 mpaka 9 kwa lenzi ya milimita 40 inatosha kila kitu nilichowahi kupiga. Afadhali bunduki ya dola 500 na skopu ya 300 kuliko bunduki ya 1,000 na skopu ya 60 inayojaa ukungu asubuhi. Jicho liwe kama inchi tatu na nusu kutoka kioo, mi niliweka mbili, kovu hili hapa. Skrubu za kuifungia zikazwe kwa spana yenye kipimo, sio kwa hasira.

Kuseti: anza yadi 25 uone hata inapiga karatasi, alafu 100. Piga tatu, angalia katikati ya zile tatu, usihamishe skopu kwa risasi moja. Kliki moja kwa skopu nyingi ni robo inchi kwa yadi 100. Hizi kaliba nilizotaja, ukiiseti ipige kama inchi mbili juu kwa yadi 100, itapiga pale unapolenga kwa yadi 200, na ikifika 300 imeshuka kama inchi nane au tisa hivi. Kwa hiyo mpaka 200 na kitu unalenga pale pale bila hesabu za kichwani. Pale pale ni wapi? Mnyama amekaa ubavu, fuata mguu wa mbele kwenda juu, nyuma kidogo ya bega, theluthi moja kutoka chini ya mwili. Elki sehemu hiyo ni pana kama sinia dogo, dia ni kama sahani ya chai. Rafiki yangu wa Tanga anasema bismillahi kabla ya kuvuta na kisu kiko kiunoni tayari, na anasema hata hilo linamtuliza pumzi. Alafu ukipiga usishangae, chomoa ganda, ingiza nyingine, elki akiwa bado wima mwongeze.

Baada ya kuseti achana na meza. Piga ukiwa umekaa chini, umepiga magoti, umeegemea begi, baada ya kupanda ngazi mbio moyo unagonga, maana mlimani hakuna meza. Umbali wako ni ule ambao risasi zako zote tano zinaingia kwenye sahani ukiwa katika hali hiyo, wangu ni yadi 220, wa mke wangu 280. Msimu wa bunduki unavaa ile rangi ya chungwa kali au pinki kali, inchi za mraba 500 juu ya kiuno, na kofia. Na kwenye gari chemba iwe tupu, hiyo ni sheria.

Ukifika kambini kabla hujalala piga risasi moja kwenye karatasi, kule inakoruhusiwa na nyuma kuna kilima cha udongo. Mwaka juzi bunduki ya mdogo wangu ilidondoka kwenye maegesho ya gesti wakati kila mtu anakimbilia choo, ikaokotwa ikafutwa vumbi, hakuna aliyesema kitu mpaka jioni. Risasi ya kwanza ilienda inchi saba kushoto. Tukatumia nyingine tano kuirudisha katikati, saa kumi na moja jua linaondoka, mke wangu ameshabandika maji ya ugali.